Umri wa Kuruka

Kidole cha karani kilishuka ukurasa polepole, ukucha wake ukikwaruza karatasi, na kila kilipopita jina lisilo langu pumzi yangu ilikatika. Ofisi ya parokia ilinuka nta na mkojo wa panya. Nje, katika upande ule wa Goma ambako watu wamejenga nyua zao kwa lava iliyopoa, mama yangu alikuwa amekaa juu ya jiwe jeusi. Alikataa kuingia. Alisema miguu inamuuma, na miguu hiyo hiyo ilikuwa imetoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka upande wa Rwanda, bila kulalamika hata mara moja.

"Umesema mwaka gani?" karani aliuliza. Aliitwa Bizumuremyi, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Elfu mbili na tano. Mwezi wa tatu."

"Elfu mbili na tano nimemaliza. Haumo." Akalamba kidole. "Mutoto yangu, we uko na hakika walikubatiza? Isikuwe unanitesa bure na we ni mupagani."

Alicheka peke yake. Mimi niliitazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro robo. Saa kumi na moja jioni dirisha la maombi ya chuo kikuu lingefungwa, na kabla ya hapo nilikuwa na jambo moja tu la kuthibitisha duniani: kwamba nilikuwa na miaka ishirini, si ishirini na miwili kama kitambulisho changu kilivyodai.

"Jaribu elfu mbili na sita," nilimwambia. "Halafu na nne. Tafadhali, baba."

Akashusha pumzi, akafungua ukurasa mwingine.

Miaka hiyo miwili ya ziada niliongezewa kwa siku moja. Nilikuwa na miaka kumi na minne, au hivyo nilivyoamini, mama alipoanguka na gunia la karoti kwenye Petite Barrière, ule mpaka wa wapita kwa miguu, na bega lake halikubeba tena kitu. Baba tulimwacha kaburini Masisi, huko Kongo, kabla hatujarudi Rwanda. Hakukuwa na bega jingine nyumbani ila langu. Ili nivuke peke yangu nilihitaji kitambulisho, na kitambulisho hutolewa mtu akiwa na miaka kumi na sita. Mama akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kuongea na mkuu wa kijiji chetu, akarudi nikiwa na miaka kumi na sita. Asubuhi nilitoka kwenda shule nikiwa mtoto. Jioni nilikuwa mtu mzima wa serikali. Tulicheka. Nusu ya mtaa wetu walikuwa na umri wa namna hiyo, uliorefushwa hapa na kufupishwa pale kama sketi ya shule.

Basi nikawa navuka. Jumamosi zote na likizo nzima nilibeba karoti na vitunguu vya Cyanzarwe hadi Birere, mtaa wa Goma ulioegemea mwisho wa uwanja wa ndege. Hapo ndipo nilipozikuta ndege. Ndege ilikuwa inatokea upande wa ziwa, kwanza kama nukta, kisha kama msalaba, kisha ghafla tumbo zima jeupe liko juu ya mabati, magurudumu yananing'inia, vumbi linaruka kwenye nyanya, wanawake wanashika vilemba vyao na kuendelea kubishana bei. Hakuna aliyetazama juu isipokuwa mimi. Niliona makovu ya rangi kwenye mabawa. Niliona, mara moja, uso wa rubani: mwanamke, miwani myeusi, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayeingiza uzi kwenye sindano. Nikamwaga karoti zote barabarani. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine, na mimi si mtu wa kutaka kidogo.

Mwaka niliofanya mtihani wa mwisho wa sekondari, vita viliingia Goma, uwanja ukafungwa, na anga letu likanyamaza. Miezi mizima hapakupita kitu juu ya Birere ila kunguru. Matokeo yalipotoka nilikuwa wa kwanza shuleni, kama nilivyokuwa wa kwanza kila mwaka tangu darasa la kwanza. Mwalimu wa hesabu alilia. Kisha kila mtu akajua ninachopaswa kusomea. Padri alisema udaktari. Jirani alisema uhasibu. Mimi nilikuwa na tangazo moja la shirika la ndege, limekunjwa mara nne ndani ya Biblia ya mama. Kila Januari shirika hilo lilichukua vijana wachache na kuwafundisha urubani bure. Masharti yalikuwa mafupi kama hukumu: shahada ya hisabati, fizikia au uhandisi, na umri usiotimia miaka ishirini na sita.

"Bon, tuhesabu," alisema Mutabazi. Mutabazi ana kibanda karibu na soko ambamo anawajazia watu maombi yao ya mtandaoni, kuanzia vyeti vya ndoa hadi vyuo vikuu, na hakuna siri ya Gisenyi isiyopita kwenye vidole vyake. "Uhandisi ni miaka ine. Ukimaliza, kitambulisho inasema uko na ishirini na sita. Ndege imekuacha. Fizikia ni miaka tatu. Ukimaliza uko na ishirini na tano, imebaki miezi mbili. Miezi mbili, Kapitene! Walimu wakigoma kidogo, ukipata malaria kidogo, imeisha."

"Na fizikia peke yake inampeleka mtu wapi?"

"Inamuleta hapa kwangu, anaomba kazi."

Alikuwa anatania, lakini hakuwa anatania. Uhandisi ungenipa mkate hata kama ndege zingenikataa. Fizikia ilikuwa mlango mmoja unaofunguliwa mara moja. Lakini nilikuwa na silaha: ukweli. Kama mahakama ingenirudishia miaka yangu miwili, ningesoma uhandisi kwa utulivu, nimalize nikiwa na ishirini na minne, niende kuomba urubani Januari mbili mfululizo. Ningepata vyote. Mutabazi alisema mahakama itataka ushahidi wa kuzaliwa, na kwa mtoto aliyezaliwa Kongo ushahidi ni cheti cha ubatizo.

"Lakini tusitume uhandisi mbele ya kukiona kwa macho," alionya. "Mashine ikifungwa saa kumi na moja, hata Papa hawezi kuifungua."

Mama aliposikia habari za parokia aliacha kumenya viazi. Kinyarwanda ndicho tunachoongea nyumbani, lakini akibanwa hukimbilia Kiswahili cha Goma, kama mtu anayekimbilia kwao.

"Ile vitabu iliunguwa."

"Nani alikwambia?"

"Vita ngapi zimepita kule? Iliunguwa, Kamikazi."

Nilidhani anaogopa kukamatwa kwa uongo alioupeleka kwa mkuu wa kijiji. Nilimwambia nitamtetea. Nilisema hivyo kwa kiburi kabisa, mikono kiunoni, kama mwanasheria.

"Haumo na humu," alisema Bizumuremyi. Alifunga daftari. Kisha akajikuna shingo, akaniuliza jina la mama, nikamwambia Nyirahabimana, naye akainuka, akafungua kabati la nyuma na kurudi na daftari jingine, jembamba, jalada lake limeungua pembeni.

"Ile ya hema," alisema. "Wakati volkano ilimwaga, kanisa iliungua, padri alikuwa anabatizia watu kwenye hema ya wakimbizi. Hii haina mupangilio muzuri. Watu wanaisahau."

"Hiyo ni ya elfu mbili na mbili," nilisema. "Mimi nilizaliwa miaka mitatu baada ya volkano."

"Tunaangalia tu."

Kidole kikashuka. Kikasimama.

"Kamikazi. Mama, Nyirahabimana. Baba, Ndagije?"

"Ndiye," nilisema, na sauti ikatoka kwa mtu mwingine.

"Iko hapa. Amezaliwa tarehe tatu, mwezi wa tatu, elfu mbili na mbili. Mutoto ya volkano kabisa!" Alifurahi kama aliyeokota pete. "Ao ni dada yako? Mama iko na watoto wangapi?"

"Mmoja."

Akanitazama juu ya miwani. Akaacha kufurahi.

Miaka ishirini na mitatu. Nilikuja kutafuta ishirini. Kitambulisho kilisema ishirini na miwili. Na daftari lililoungua lilisema nina ishirini na mitatu. Uhandisi ungenitoa nikiwa na ishirini na saba. Hata fizikia, ile ya miaka mitatu, ya mlango mmoja, ingenikuta nimeshatimiza ishirini na sita. Kwa umri wa Mungu, mlango ulikuwa umefungwa kabla sijaukaribia.

"Nikuandikie cheti?" aliuliza. "Na muhuri?"

Nilitoka nje.

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa anachora kwa kijiti kwenye vumbi jeusi, mstari, mstari, mstari. Nilisimama mbele yake. Watoto wawili walipita na *chukudu* yao, ile baiskeli ya mbao, imejaa makaa, wakatutazama na kupunguza kelele.

"Imeonekana?" aliuliza.

"Imeonekana."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari za msiba aliokwisha kuusikia.

"Kwa nini, mama?"

"Wakati tulifika Rwanda ulikuwa na miaka kenda. Haukuwa unajua hata kushika kalamu. Miaka tatu tulikuwa tunakimbia, leo hapa, kesho msitu. Walisema mutoto wa miaka kenda hawezi ingia ya kwanza, atafute shule ya wakubwa. Shule ya wakubwa ilikuwa wapi? Mi nilikuangalia." Akainua mkono, akapima hewa, urefu wa mbuzi. "Ulikuwa hivi. Njaa ilikuwa imekula ile miaka tatu yote. Mwili ilisema sita. Donc, mi nilisema ile mwili ilisema."

"Ukaendelea kusema kwangu. Miaka yote hii."

"Ulikuwa wa kwanza darasani," alisema. "Kila mwaka ulikuwa unarudi unakimbia, mama, niko wa kwanza. Ningesema nini? Ningesema lini?"

Hapo ndipo kisu kilipoingia, na aliyekishika hakujua. Sikuwa nimefikiria hilo. Wa kwanza. Tangu darasa la kwanza, wa kwanza, mtoto wa ajabu, akili za kuzaliwa nazo, walimu wakiniita mbele nisomee wenzangu. Wenzangu walikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa na kenda. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nawashinda watoto. Kila sifa niliyokusanya, kila daftari la zawadi lililofungwa utepe, uhakika wote kwamba mimi niliumbwa kwa kitu kikubwa kuliko karoti: niliugeuza kichwani, nikaliona tumbo lake, kama nilivyozoea kuyaona matumbo ya ndege.

Nilikaa chini kwenye lava. Inakata, haijali nani anakaa. Sikulia. Nilitaka kumpiga mama, na nilitaka anishike, na aliponishika nilimsukuma bega lile bovu, akameza maumivu kama alivyomeza mengine.

"Weka uhandisi," alisema baada ya muda. "Mwana wanjye, weka uhandisi. Ni kazi nzuri. Ndege tuwaachie watoto."

Hakukusudia neno hilo. Nilimwona akitaka kulirudisha mdomoni.

Nikainuka, nikarudi ofisini. Bizumuremyi alikuwa ameshaandika nusu ya cheti, kwa mwandiko mzuri wenye mikia.

"Usiandike, baba."

"Nimeandika tayari jina."

"Usimalize."

"Umekuja kutafuta karatasi. Karatasi iko. Sasa hauitaki." Akaweka kalamu chini. "Watu ya Gisenyi, Mungu awasaidie."

Nilimwomba ile nusu. Alinipa bila kuuliza, labda kwa sababu ya uso niliokuwa nao. Nikaikunja. Daftari lenyewe akalirudisha kabatini, akasukuma mlango kwa goti, nao ukafunguka tena kidogo, akauacha hivyo.

Tulivuka Petite Barrière saa nane, mimi mbele, mama hatua kumi nyuma, katikati ya wanawake wenye mabeseni. Afisa alikiangalia kitambulisho changu, akaniangalia mimi, akanirudishia. Nilikuwa nimevuka hapo mara elfu na kadi ile, na ndiyo mara ya kwanza nilikihitaji kile inachosema. Asubuhi nilikwenda kuuvunja uongo wake. Sasa nilikuwa nautembeza kama yai. Kwa kitambulisho nilikuwa na ishirini na miwili. Kwa kitambulisho peke yake, mahali pengine popote hapakuwa na hesabu inayokubali, ilibaki miezi miwili kabla mlango haujafungwa.

Kibanda cha Mutabazi kilikuwa kimejaa. Vijana walisimama na karatasi zao za matokeo, baba mmoja alikuwa anagombana na mwanawe kuhusu kilimo. Mutabazi aliponiona aliwapunga mkono wasogee.

"Kapitene! Umeipata miaka yako?"

"Haikuwemo."

Sikusema uongo. Hiyo ndiyo sentensi ya kweli kabisa niliyosema siku ile.

"Pole sana." Alisema kwa dhati, kisha akaitazama saa. "Bon. Uhandisi niliuweka ya kwanza tangu jana. Tuuache pale? Angalau ule mukate."

Mama alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa ameshikilia fremu kwa mkono mzima, hakuingia, kama kule parokiani. Nilijua anavyoomba. Midomo yake husogea.

"Weka fizikia," nilisema.

"Ya pili?"

"Ya kwanza."

Mutabazi akageuza kiti. "Kamikazi, sikia. Na alama hizi? Watu wanalia juu ya alama hizi. Ukikosa ile Januari moja, utakuwa na fizikia mukononi kama mutu ameshika mukia wa samaki, samaki mwenyewe ameenda."

"Weka fizikia."

"Na ya pili?"

"Fizikia ya chuo kingine. Na ya tatu hivyo hivyo."

Baba wa kilimo alipiga mluzi. Mtu fulani nyuma akasema, "Huyu amelogwa," wakacheka. Mutabazi hakucheka. Aliandika, polepole, akinipa nafasi ya kumzuia. Kisha ukurasa wa mwisho ukafunguka, ule unaoonyesha kila kitu kabla ya kutuma, akaanza kunisomea kwa sauti kama anavyomsomea kila mtu, jina, shule, alama. Akafika kwenye tarehe ya kuzaliwa.

"Tatu, mwezi wa tatu, elfu mbili na tatu. Hapa wanataka ukubali kama habari zote ni za kweli. Iko sawa?"

Nilisikia mama akivuta pumzi mlangoni. Sikugeuka.

"Iko sawa," nilisema.

Akabonyeza.

Jioni ile nilikwenda ziwani, nikaichana ile nusu ya cheti vipande vidogo, jina langu kwa herufi zenye mikia, nikavitupa. Havikuzama. Maji yalivirudisha miguuni pangu mara tatu, nne, mpaka nikachoka kuvitazama nikaondoka.

Sasa niko mwaka wa kwanza, muhula wa pili. Fizikia si rahisi. Humu darasani wapo waliokuwa wa kwanza kwenye shule zao wakiwa na umri wao wenyewe, na kila wiki wananionyesha tofauti. Nimekuwa wa kumi na tisa. Ninasoma mpaka macho yanauma, si kwa kupenda sifa tena. Ninasoma kama mtu anayekimbizwa, kwa sababu nikirudia somo moja tu, nimeisha. Mama hupiga simu Jumapili. Hunieleza mvua, bei ya vitunguu, nani ameoa. Hatujawahi kulizungumzia daftari. Kuna usiku ninaliona kabati lile, mlango umeachwa wazi kidogo, na mkono wa mtu yeyote ukiingia.

Wiki iliyopita profesa wa mekanika aliingia, akaweka mkoba mezani na kusema kwamba maabara haijawa tayari, hivyo mitihani imesogezwa mbele kwa wiki tatu. Muhula utaishia hapo utakapoishia, alisema. Msiwe na haraka, nyinyi bado vijana.

Darasa zima lilipiga makofi; mimi nilikuwa natoa wiki tatu kwenye miezi yangu miwili. Aliyekaa karibu yangu, binti wa miaka kumi na minane anayeitwa Isimbi, alinipiga kiwiko kwa furaha.

"Dada, we hufurahi?"

Nilipiga makofi pia. Nilipiga hata baada ya wengine wote kunyamaza, na profesa akaniangalia.